Kulia kwa Ng'ombe, Kulia kwa Mtu

Mimi na mwenzangu tulifanya kazi kwenye mashine moja miaka mingi, na katika miaka yote hiyo hatukuwahi kukubaliana upande wa kulia ni upi.

Najua inasikika kama utani. Mtu mzima mwenye akili zake anajua kulia kwake. Lakini mashine ina uso. Unaposimama mbele ya mlango wake wa kioo unaitazama nayo inakutazama, na hapo ndipo ubishi wetu ulipoanzia. Mimi nimezaliwa Kishapu, zizini. Kwetu ukisema ng'ombe ana kidonda mguu wa kulia, ni mguu wake yeye wa kulia, hata kama amekugeuzia uso na mguu wenyewe uko upande wa mkono wako wa kushoto. Mwenye mwili ni ng'ombe. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipoambiwa nifungue kifuniko cha kulia cha ile mashine, nilikwenda kulia kwake. Mwenzangu, mtoto wa wakulima wa Ushirombo, aliniacha nifungue skrubu zote mpaka ya mwisho, ndipo akaniuliza nilikuwa natafuta nini huko kushoto.

"Hii siyo ng'ombe," alisema. "Ama umeiona chuchu?"

Nikamjibu kwamba kitu chenye kichwa na mlango kina kulia kwake, na yeye kama hajafuga asinifundishe. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Kesho yake tukaendelea. Mwishowe, ili kazi isilale, tukapata njia ya kuishi: kulikuwa na kulia kwa ng'ombe, yaani kulia kwa mashine yenyewe, kama nilivyotaka mimi, na kulia kwa mtu, yaani kwa anayeitazama, kama alivyotaka yeye. Mmoja akisema "funga ya kulia," mwingine anauliza, "Kulia kwa nani?" Wateja waliotusikia walidhani tumevuta kitu.

Karakana yetu iko Nyahanga, mjini Kahama. Tunachonga shafti za pampu, bushi, na vipuri vya makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Watu wanavileta vilivyokufa kutoka Segese, wenyewe wamejaa vumbi mpaka kwenye kope, na wote wanataka kipya leo hii. Mashine yenyewe ilikuja imetumika. Inaongozwa na kompyuta. Unaipa maelekezo, inakata chuma peke yake. Lakini kilichotufanya tuipende ni kwamba inajibadilishia zana. Ndani, pembeni ya kichwa kinachokata, kuna kitu cha mviringo tunachokiita ngoma, kimebeba zana zote kuzunguka ukingo wake. Mashine ikimaliza kutoboa na sasa inataka kusawazisha, ngoma inateleza kwenye reli kutoka konani kwake mpaka kwenye kichwa, inapokea zana iliyotumika, inazunguka, inatoa nyingine, inarudi konani. Kufumba na kufumbua.

Kila mwisho wa ile reli kuna sensa, kijicho kidogo mfano wa kidole cha mtoto. Cha kichwani, kulia kwa mtu, kinasema: ngoma imefika. Cha konani, kulia kwa ng'ombe, kinasema: ngoma iko nyumbani. Ubongo wa mashine hauoni kitu kingine. Unaamini vijicho hivyo viwili basi.

Miaka ya mwanzo ngoma iliwahi kuangusha zana nzito, nusura itoboe meza. Tangu hapo, kila asubuhi, mara ya kwanza mashine inapobadili zana, aliyekaa kwenye skrini aliuliza, "Imeshika?" Mwenzake alichungulia kiooni akajibu, "Imeshika." Tatizo lenyewe tulishalimaliza zamani, lakini maneno yalibaki. Yakawa ndiyo salamu yetu. Sikumbuki mara ya mwisho tulipoulizana habari za asubuhi.

Kisha mwenzangu alianguka. Alikuwa nyumbani kwake anavaa viatu aje kazini. Upande mmoja wa mwili ukapooza, wa kulia, na sauti ikaondoka nao. Alipotoka hospitali mkewe akamrudisha Ushirombo, kwa ndugu wenye nguvu za kumnyanyua. Waliotangulia kwenda kumwona walirudi na maneno yale yale. Anakula akilishwa. Anatoa sauti lakini si maneno. Anakutazama lakini huwezi kujua anakuona wewe au anaona ukuta. "Hayumo tena," mmoja aliniambia, akanipiga bega kwa huruma, akaondoka zake.

Nilibaki na karakana. Watu wanadhani karakana ina kelele, kwa hiyo mtu hawezi kuwa mpweke mle. Kelele ya mashine haikuulizi chochote. Mama lishe aliendelea kuleta sahani mbili za ugali na dagaa kwa siku kadhaa, kwa mazoea, nami sikumwambia kitu. Nilikula yangu na nyingine nikaifunika. Siku aliyoleta moja nilimkasirikia bila sababu, naye akadhani chumvi imezidi. Nyumbani nilikuwa na chumba cha kupanga, mke wangu yuko Mhunze na mashamba. Nikirudi jioni nilikuta nimeshinda siku nzima sijasema neno zaidi ya bei. Na asubuhi, ngoma ikienda na kurudi, mdomo wangu uliuliza wenyewe: "Imeshika?" Halafu nasikia kompresa tu.

Swali lililonikaa kifuani lilikuwa moja. Yumo, au hayumo? Kama hayumo, basi lugha yetu ile, ng'ombe na mtu, imebaki na msemaji mmoja, na msemaji mmoja hana wa kusema naye.

Ndipo mashine ikaanza kugoma.

Ngoma inatoka konani vizuri, inateleza, inafika kichwani, inasimama. Haishiki wala hairudi. Taa nyekundu, alamu inapiga kelele, skrini inasema kubadili zana kumeshindikana. Nikifuta alamu na kuirudisha kwa mkono, inafanya vizuri mara kadhaa, halafu inagoma tena, kila mara pale pale, kichwani. Nilikagua upepo wa kompresa, ulikuwa sawa. Nilisafisha reli, nikaipaka mafuta. Nilifungua ukurasa wa skrini unaoonyesha sensa, nikaisogeza ngoma taratibu huku na huku. Vijicho vyote viwili viliwaka na kuzima kwa zamu, vizuri kabisa, kama watoto mbele ya mwalimu. Ukiwapa kisogo tu, fujo.

Nilimpigia fundi wa Dar es Salaam aliyetuuzia vipuri zamani. Alinisikiliza kwa subira, akasema inaelekea ni sensa mojawapo inayodanganya mashine ikipata joto, akanitumia moja kwa basi. Moja, kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo. "Ipi inadanganya, utajua wewe uliye hapo," alisema. Bosi naye akaja, akasimama mlangoni mikono mfukoni. Si mtu mbaya. Akasema kuna mtu wa Geita anayeitaka mashine aichukue vipande vipande, na kwamba hawezi kulea chuma kinachogoma. "Wikiendi ya wiki ijayo anakuja kuitazama. Ikiwa inafanya kazi, tutaongea mengine."

Jumapili kabla ya hapo nilikwenda Ushirombo. Nilijiambia nakwenda kumwona mgonjwa, na ni kweli, lakini nilibeba na alamu yangu moyoni.

Mkewe alinipokea vizuri. "Karibu shemeji, pole na safari." Waliorudi kanisani walikuwa wamejaa uani, akawaomba radhi akaniingiza ndani. Mwenzangu alikuwa amekalishwa kwenye kiti chenye mito, mkono wa kulia umelazwa pajani kama kitu cha mtu mwingine. Alikuwa amekonda. Walikuwa wamemnyoa ndevu alizozilea miaka yote, na bila ndevu nilimwonea haya, kama nimemkuta anaoga. Nilivuta kigoda nikakaa mbele yake, uso kwa uso, magoti yetu yanakaribia kugusana.

Nilimsalimia. Macho yalinigeukia yakatulia. Nilitoa pole, nikataja watu wanaomsalimu, kisha maneno yakaniishia. Tulikuwa hatuna mazoea ya kuzungumza mambo mengine. Basi nikamweleza mashine. Nilimweleza kama ninavyomweleza fundi: inatoka, inateleza, inafika, inasimama, inalalamika, sensa zote ukizipima zinajibu, nina sensa mpya moja tu. Nilisikia sauti yangu ndani ya chumba kile na nikajiona mjinga, mtu mzima anamsimulia mgonjwa habari za chuma.

Mkono wake wa kushoto ukanyanyuka. Taratibu sana. Ukanishika mkono wangu wa kulia, juu ya kiwiko, ukabana kwa nguvu ambazo sikuzitegemea. Mdomo ukahangaika.

"Ku... lia," alisema. Akapumua. "Kulia."

Mkewe alikuja mbio na kitenge. "Yesu! Mnasikia? Amesema!" Akaanza kumfuta macho. "Anataka kulia, maskini. Anakuona, anakumbuka kazi. Usimchoshe shemeji, daktari alisema asihuzunishwe."

Lakini macho aliyokuwa anayafuta yalikuwa makavu. Nikainama.

"Kulia kwa nani?" nikamuuliza.

Shemeji alinitazama kama mtu anayefikiria kuita watu. Nilirudia swali, kwa sauti ya chini. Mwenzangu alinikazia macho, akanibana mkono mara moja tena, kisha kope zikamlemea. Vidole vikalegea kimoja kimoja. Alilala vile vile amekaa, na mimi nikaaga.

Njiani nilimwaza hadi kichwa kikauma. Labda alikuwa anataka kulia kweli. Labda alikuwa anaulalamikia mkono wake wa kulia uliokufa, nani asiyelalamika? Lakini kama alikuwa ananijibu, basi yumo. Na kama yumo, amesema kulia kwa mtu, maana huyu bwana hakuwahi kuniachia hata siku moja. Kulia kwa mtu ni sensa ya kichwani, palepale ngoma inaposimamia. Kila kitu kilikubaliana. Nilishuka Kahama karibu nikimbie.

Jumatatu asubuhi nilifunga sensa mpya kichwani. Niliifunga kwa uangalifu wa kipumbavu, nikaifuta na kitambaa safi kama mtoto wa komunyo. Nikaamuru mashine ibadili zana. Ngoma ikaenda ikarudi. Tena. Tena. Nilianza kucheka peke yangu. Nikaiwekea kazi halisi, bushi za mteja wa Segese, nikakaa kwenye stuli yake badala ya yangu.

Kabla ya chakula cha mchana alamu ikalia.

Ngoma imesimama kichwani. Pale pale.

Niliupiga mlango wa kioo teke. Niliitukana mashine Kisukuma na Kiswahili, nikamtukana fundi wa Dar ambaye hakuwa na kosa, na mwisho, Mungu anisamehe, nikamtukana na mgonjwa. Halafu nikakaa chini kwenye sakafu yenye mabaki ya chuma. Hakuwa ananijibu. Alikuwa na neno moja lililobaki kichwani, likatoka kama linavyotoka pumzi, na mimi nikalivika maana kwa sababu nilikuwa nataka sana pawe na mtu. Walisema hayumo. Walikuwa sahihi. Sikulilia mashine siku ile. Nililia kwa sababu sasa nilikuwa najua.

Mama lishe alipokuja kuchukua sahani alinikuta bado nimekaa chini. Alinipa mkono aninyanyue, nami nikampa wa kulia. Alinishika juu ya kiwiko, akavuta.

Nilisimama nikiwa nimeduwaa, nikitazama pale alipokuwa amenishika.

Jumapili ile mwenzangu alikuwa amekaa mbele yangu, uso kwa uso. Vile vile tulivyokuwa tukisimama na mashine, miaka yote. Yeye ndiye mtu, na mimi niliyemkabili nilikuwa mashine. Kama angekuwa anasema kulia kwa mtu, angeelekeza kulia kwake yeye, na upande huo ulikuwepo mkono wangu wa kushoto. Hakuushika. Alinyanyua mkono wake mzima akashika mkono wangu wa kulia. Kulia kwangu mimi, mwenye mwili. Kulia kwa ng'ombe.

Nilijua pia kwamba huenda alishika mkono uliokuwa karibu na mkono wake uliobaki. Nilijizuia nisifurahi.

Kulia kwa ng'ombe ni konani, nyumbani kwa ngoma, upande ambao sikuwa hata nimeufikiria kwa sababu mashine haigomi pale. Nilifungua kifuniko. Skrubu zile zile za siku ya kwanza. Nikaifuata waya ya sensa kwa tochi, nyuma ya reli, mpaka mahali pasipoonekana bila kujikunja, na pale nikakuta kiungo cha zamani. Waya iliwahi kukatika, ikaungwa, ikafungwa tepu nyeusi kwa mtindo wa mtu mmoja tu ninayemjua, anayemalizia kwa kukunja ncha ya tepu ndani ili mtu wa baadaye apate pa kuanzia kuifungua. Aliiunga mwenyewe, nadhani nilipokuwa Mhunze msibani, na hakuniambia kwa sababu halikuwa jambo la kuambiana. Sasa tepu ilikuwa imelegea na yale maji meupe ya kupoza chuma yameingia ndani.

Nikaelewa. Mashine ikipata moto, kile kijicho cha konani kilikuwa kinaendelea kusema ngoma iko nyumbani hata baada ya kuondoka. Ngoma ikifika kichwani, kijicho cha pili nacho kinasema imefika. Ubongo unaambiwa kitu kimoja kiko nyumbani na hapo hapo kimekwenda, na unasimama, haujui uamini lipi. Kichwani palikuwa mahali pa kugomea tu. Uongo ulikuwa nyumbani.

Niliitoa sensa mpya kule nilikoikosea, nikaifunga konani na waya yake mpya nzima. Ile ya zamani, ambayo haikuwa na kosa, nikairudisha kichwani. Mchana wote mashine ilifanya kazi. Ilipata joto mpaka hewa juu yake ikatetemeka, na ngoma ikaenda ikarudi, ikaenda ikarudi, mpaka bushi za mteja zikaisha na nikatafuta kazi nyingine ya kuipa, ili tu niione.

Hapakuwa na wa kumwambia. Bosi alikuwa Shinyanga mjini. Nilitoka nje nikasimama mlangoni, watu wanapita na mambo yao. Nikarudi ndani nikampigia shemeji.

"Naomba mwekee simu sikioni," nikasema.

"Shemeji, hatajibu."

"Najua. Mwekee tu."

Nilisikia simu ikikwaruza kitambaa, kisha pumzi. Nikaamuru mashine ibadili zana, nikainyoosha simu kuelekea kwenye kioo mpaka ngoma ilipotulia konani. Nikairudisha mdomoni.

"Ilikuwa kulia kwa ng'ombe," nikamwambia.

Nikasikia sauti ambayo sikuitambua, ya mkwaruzo, inakatika katika. Nikaogopa. Kisha sauti ya shemeji, mbali kidogo na simu, imechanganyikiwa kabisa:

"Shemeji! Umemwambia nini? Anacheka."

Nilimwomba asiiondoe simu. Nilisikiliza kile kicheko cha upande mmoja, cha mtu aliyebishana miaka yote na mwishowe akaniachia, kwa neno moja tu alilokuwa nalo, akichagua la kwangu ili nisipotee. Tulikaa hivyo mpaka salio likaniishia.

Nikarudi kwenye skrini nikaita zana nyingine. Ngoma ikaenda, ikarudi.

"Imeshika?" nikauliza kwa sauti, na kabla ya kwenda kuchungulia mwenyewe nikangoja kidogo.